Sita Mara Kumi na Moja

Hii hutaamini, lakini ilifanyika mtaa wa Bondeni, Jumamosi mchana kweupe: dadu moja ilianguka sita mara kumi na moja mfululizo. Kumi na moja!

Hiyo dadu aliichonga Kipyegon mwenyewe na mabaki ya mti wa saipras, kule Elburgon anakopasua mbao. Rafiki yake Nangila alikuwa amebuni gemu ya bodi: wakulima wanashindana kufikisha viazi soko kabla mvua iharibu barabara. Miaka miwili anachora, anafuta. Siku hiyo Sally, mwenye kafe ya gemu huko mjini, alikuja kuijaribu. Akiipenda, ataiweka kafe yake.

Dadu zote alichonga Kipyegon, na kila mchezaji alipewa yake. Sita ya kwanza ya Kipyegon, watu walicheka. Ya nne, akaigeuza kwa vidole na akaona fundo la mti, jeusi, limekaa upande wa moja. Fundo ni zito. Lazima liende chini, sita ibaki juu. Mtu wa mbao huona hiyo akikata, lakini yeye alikata na haraka.

"Kip, leo umeoga na nini?" Nangila akamtania. "Tupa, boss!"

Mfukoni alikuwa na dadu ingine safi. Lakini watu wanampigia makofi, na atasema nini? Ati fundi mzima hajui fundo? Akatupa. Sita.

Sally alikuwa amepanga shamba lake vizuri, kila hatua na hesabu yake. Haikumsaidia; sita za Kipyegon zilimfikisha soko kwanza. Mwishowe akasukuma bodi polepole, akamwambia Nangila:

"Umetia bidii, mrembo. Lakini hii ni bahati tupu. Akili ya mchezaji inafanya kazi gani hapa?"

Wiki mbili baadaye Nangila alimpigia Kipyegon simu.

"Nimeachana na hiyo gemu. Bodi nimepea watoto wa kanisa wachoree nyuma. Sally alisema ukweli, kichwa yangu ndio haikutosha."

"Wacha hizo, Nangi."

"Angalau dadu zako zilikuwa poa. Asante."

Kipyegon alifungua mdomo aseme. Kilichotoka ni, "Karibu."

Mpaka leo anaandika meseji, anafuta. Akimwambia, labda Nangila ataanza upya. Labda hatamwongelesha tena maishani.

Ungekuwa wewe, na makofi yote yale, ungesema? Na saa hii je, ungetuma?