Pasi ya Mkaa Kwenye Mkia wa Faru

Mama mwenye mtoto wa kiume, pikipiki uani na cherehani barazani, na akae chini asikie habari za mama mmoja fundi wa nguo, asije naye akafanya kama yeye. Mama huyo hakuwa mkorofi wala hakuwa na akili pungufu. Alikuwa mwoga tu, tena mwoga mwenye uzi wa kutosha.

Mtaani walimwita Mama Polepole. Mtoto akipita mbio na ndoo, yeye "Polepole!" Mteja akipanda ngazi, "Polepole!" Hata chai ikianza kufurika sufuriani aliiambia polepole, kisha ndiyo aiepue. Alikuwa na watoto wawili. Mkubwa ni binti, aliyemsaidia kushona vifungo na kupokea wateja. Wa pili ni Kitinda, kitindamimba wake, kijana wa miraba minne, fundi wa pampu za maji, ambaye mama yake alikuwa bado anampulizia chai isimuunguze.

Balaa lilianza siku mjomba wake Kitinda alipoamua kumwachia pikipiki yake. Ilikuwa pikipiki ya zamani, kubwa, yenye injini ya kuweza kung'oa kisiki, ndiyo maana ikaitwa Faru. Mjomba alikuwa anachechemea mguu wa kushoto tangu ujana wake. Mwenyewe alisema ni mpira wa miguu. Dada yake hakumwamini hata siku moja.

"Kaka, unampa mwanangu jeneza lenye taa," Mama Polepole alisema.

"Dada, nampa usafiri. Umeona wapi jeneza lenye honi?"

Usafiri Kitinda alikuwa anauhitaji kweli. Alikuwa amepata kazi ya kuanza mwezi uliofuata kwenye kituo cha maji ng'ambo ya mlima, na kila Jumamosi angerudi nyumbani kwa ile barabara iliyojikunja kama utumbo, upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Mama yake alikuwa akiifikiria barabara ile mara moja tu, mshono unakwenda upande.

Sasa Faru nguvu alikuwa nazo, lakini adabu hakuwa nayo. Kwenye barabara iliyonyooka alikwenda kama amefungwa kamba. Akifika kwenye kona alikwenda anakotaka yeye. Kitinda akaapa atamfundisha adabu. Akampeleka gereji ya nyuma ya nyumba yao, ng'ambo ya ukuta wa matofali, kwa Fundi Kimya. Jina hilo watu walimpa kwa dhihaka, maana hajapata kunyamaza tangu alipoacha kunyonya.

Wakaanza kazi. Wakatoa beringi za shingo, zile zinazouwezesha usukani kugeuka, wakakuta zimelika kama meno ya bibi kizee. Wakatia mpya. Wakamwaga oili ya miguu ya mbele, ile mirija inayobeba tairi, ikatoka nyeusi tii, inanuka kama samaki aliyesahauliwa. Wakatia nzito zaidi. Wakabadili tairi, la mbele na la nyuma, na shokapu za nyuma zilizokuwa zimechoka wakaweka nyingine ngumu. Kila jioni Kitinda alirudi na mikono myeusi na uso unang'aa.

"Mama, Faru ametulia! Leo nimekata kona ya kiwandani bila hata kupunguza gesi."

"Bila kupunguza nini?"

"Gesi, mama. Mwendo."

Kumbe kazi yote ile ilikuwa ya kumwezesha kijana asipunguze mwendo! Mama Polepole alidhani pikipiki ikitengenezwa inatulia kama cherehani iliyotiwa mafuta. Akarudi kwenye cherehani yake, akakanyaga pedeli na kuwaza, akawaza na kukanyaga. Hapo msukuma mkokoteni akapita nje, kapakia saruji, anakwenda hatua kwa hatua huku jasho linamtiririka. Mama akamtazama mpaka akapotea kwenye kona. Akaacha kukanyaga.

"Mzigo," akasema peke yake. "Akiwa na mzigo atakimbilia wapi?"

Akakata turubai zito la kijani akashona begi la kufunga kwenye keria, mkiani kabisa mwa pikipiki. Begi zuri, lina mifuko, lina kifuniko cha kuzuia mvua. Lakini chini akalishonea sakafu ya pili, na katikati ya sakafu hizo mbili akalaza pasi yake ya mkaa, ile ya chuma ya zamani, pamoja na gurudumu la cherehani iliyokufa. Akazizungushia matambara zisigonge. Mikanda yake akaishona palepale keriani, uzi maradufu, haitoki ila kwa mkasi.

"Nimekushonea zawadi ya safari," akamwambia Kitinda. "Weka koti lako la mvua na spana zako. Ole wako nilione limetolewa."

"Mbona zito hivi, mama?"

"Turubai la maana huwa zito. Wewe umezoea haya mabegi ya siku hizi, ukipiga chafya yanachanika."

Kitinda akacheka, akamkumbatia, akaondoka na Faru. Mama akamsindikiza kwa macho, moyo umetulia kama wa mtu aliyekwisha kufunga mlango kwa komeo.

Nyumbani pasi ikatafutwa. Umeme ulipokatika binti alizunguka nyumba nzima na suruali ya mteja mkononi.

"Mama, pasi ya mkaa iko wapi?"

"Mimi niulizwe? Nani anapenda kuazima vitu kwa marafiki zake hapa?"

"Sijamwazima mtu!"

"Basi imejiondokea," mama akasema, macho kwenye sindano. "Pasi haina miguu, mwanangu. Fikiri vizuri."

Binti akafikiri mpaka akaanza kujishuku.

Faru naye akaanza upya vituko. Sasa hakwenda upande tu, alitikisa kichwa. Kwenye kona, usukani ulicheza kushoto na kulia mikononi mwa Kitinda kama mtu anayekataa mchumba. Kitinda akarudi gereji. Wakakaza shingo, wakailegeza, wakaikaza tena. Wakaongeza upepo wa tairi, wakapunguza. Hakuna kilichobadilika. Jioni moja Kitinda akarudi suruali imechanika gotini.

"Nini hiyo?" mama akaruka.

"Mlango wa pampu, mama. Una kona mbaya."

Mama akaishona suruali ile akinung'unika juu ya milango ya siku hizi. Moyoni alikuwa anajipongeza: mashine inakataa kukimbia, kijana ataichoka, ataiuza. Ila ule mpasuko haukumpendeza. Kitambaa kilikuwa kimelika kama kimesuguliwa kwa msasa, na ndani ya nyuzi mlikuwa na vichangarawe. Mlango gani huo una changarawe?

Asubuhi yake akaacha koti la mteja halina mkono mmoja, mkasi ukiwa shingoni kwa kamba kama kawaida yake, akazunguka ukuta mpaka gereji. Alikwenda na ombi.

"Fundi, wewe ni kama mwanangu. Mwambie Kitinda Faru haponi. Mwambie amuuze chuma chakavu."

"Mama, karibu, kaa kwenye tairi hilo, si chafu sana, limechafuka upande mmoja tu," Kimya akaanza. "Kusema kweli Faru ananitia aibu. Nimebadili kila kitu nilichoweza kukifikia. Kinachonisumbua ni kwamba mbele kwake ni kwepesi. Kama kuna mtu amekaa nyuma anamnyanyua pua."

"Mbele kwepesi ndiyo nini?"

"Wewe ni fundi mwenzangu, nitakwambia kwa kazi yako. Umeshona koti zuri. Mtu akatia jiwe kwenye mfuko wa nyuma, kule chini kabisa mkiani. Kola itakaaje?"

"Itapanda shingoni," mama akajibu haraka kama mwanafunzi aliyesoma. "Mbele itanyanyuka, koti lote litakuwa linayumba, hata ukiongeza vifungo…"

Mkono wake ukaenda kwenye mkasi shingoni.

"Umeona! Na pikipiki ndiyo hivyo. Mzigo ukining'inia nyuma ya tairi la nyuma, tairi la mbele halikanyagi barabara sawasawa, usukani unaelea. Nikamwambia Kitinda, tutoe hilo begi tujaribu. Akaniambia, fundi, gusa chochote ila begi, mama kanishonea kwa mikono yake. Nikamuuliza lina nini, akasema koti la mvua na spana mbili. Sasa koti la mvua litamnyanyua faru? Mama? Mbona unatoka jasho, niwashe feni?"

"Yuko wapi?"

"Hapo barabarani anapasha injini. Leo anampandisha mlimani, anataka amkimbize kwenye kona zote ajue anaanzia wapi kutiki…"

Kimya alikuwa anaongea na tairi tupu. Mama alikwishatoka. Kanga moja imebaki kwenye msumari wa mlango, kiatu kimoja kwenye dimbwi la oili, na yeye huyo, mkasi unaruka kifuani. Mtaa mzima ukasimama. Binti akatoka barazani, akashika kiuno, na nafasi aliyoingojea tangu utotoni hakuiacha ipite.

"Mama! Polepole!"

Kitinda alikuwa amekwisha kuvaa kofia ngumu na kuondoa mguu chini. Mama akasimama mbele ya taa ya Faru, mikono kaitandaza kama anazuia kuku.

"Zima!"

"Mama, nini? Nani amekufa?"

"Zima, nimesema!"

Akazima. Mama akazunguka nyuma, akashika mkasi, akaanza kukata uzi wake mwenyewe, ule wa maradufu. Kitinda akaruka chini.

"Mama, begi lako! Unaharibu begi lako!"

"Niache niharibu!"

Mshono wa mwisho ukaachia, sakafu ya begi ikafunguka, na pasi ya mkaa ikaanguka barabarani kwa kishindo, kifuniko kikafunguka, ikamwaga majivu yaliyosahauliwa ndani. Gurudumu la cherehani likaifuata, likaviringika taratibu mpaka miguuni mwa binti, likalala.

Binti akaitazama pasi, kisha akamtazama mama yake.

"Kumbe ina miguu," akasema. "Tena ya kupanda pikipiki."

Kimya, aliyefika akihema, kwa mara ya kwanza alistahili jina lake. Kitinda akainyanyua pasi kwa mkono mmoja, akaipima uzito, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu kicheko kikakatika, akaketi pembeni ya barabara, pasi magotini.

"Mama, haukuwa mlango," akasema. "Ile suruali. Nilianguka kona ya kiwandani. Lori lilikuwa nyuma yangu. Likakwepa."

Mama Polepole akatafuta pa kushika, akashika kiti cha Faru.

"Nilitaka uende polepole."

"Si ungeniambia?"

"Nimekuambia tangu unaota meno!"

"Basi ungeniambia tena. Neno halina uzito, mama. Pasi hii ina kilo."

Mama akachukua upindo wa gauni lake akampangusa mwanawe majivu mikononi, kidole kimoja kimoja, na Kitinda, na ukubwa wake wote ule, akatulia akapanguswa mbele za watu.

Kisha Kitinda akamjaribu Faru bila begi, mpaka kona ya kiwandani na kurudi. Mama alisimama palepale, kiatu kimoja mguuni, anasikiliza mlio unavyokwenda, unavyofifia, unavyorudi. Kitinda alipovua kofia, uso ulikuwa ule wa zamani.

"Kama uzi kwenye tundu la sindano," akasema.

"Nilijua!" Kimya akapata sauti yake. "Na mkitaka kupakia kitu kizito, kikae katikati, karibu na dereva. Pale wanapokaa abiria."

Kitinda akamgeukia mama yake, jicho linacheka.

"Umesikia? Mzigo wangu mzito ni mmoja. Panda."

"Mimi? Kwenye hilo jeneza?"

"Jeneza lina honi, mama. Panda uone mwenyewe hiyo barabara, uache kuishonea hofu usiku na mchana."

Binti akamfunga mama kofia ngumu chini ya kidevu, akaikaza zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa, kisasi cha pasi. Mama akapanda, akamkumbatia mwanawe tumboni, akafumba macho.

Kona ya kwanza ya mlima nusura iharibike. Kitinda aliinama kulia, na mama kwa woga akajivuta kushoto kwa nguvu zake zote, na Faru akasitasita katikati, hajui amsikilize nani.

"Mama! Ninakoinama nawe inama!"

"Nitaanguka!"

"Ukijivuta ndiyo tutaanguka. Njoo nami."

Kona ya pili ikaja. Mama Polepole akashika koti la mwanawe, akauma meno, akainama alikoinama yeye. Barabara ikainuka, ikazunguka, ikawaachia wamenyooka, hawajatikisika hata kidogo. Ya tatu akainama kabla hajaambiwa. Ya nne akafungua jicho moja. Akaona mwamba unapita, nyasi zinapita, na kwa kuwa alikuwa na muda wa kutosha, akaona hata mbuzi mwenye kengele, amesimama anawatazama. Hapo mtu wa baiskeli aliyepakia godoro akawapigia kengele, akawapita.

Mama akafungua na jicho la pili.

"Kitinda," akamgongagonga begani. "Sasa huu ni mwendo gani? Koti la mteja linaningoja."