Cherehani Iliyoomba Kubebwa

Fundi wa nguo alikuwa anapinda suruali ya mteja, kabla ya saa nne asubuhi, pale cherehani yake ya mkono ilipoanza kuomba. Haikutamka neno. Mlio wake ulipanda kidogo, ukashuka, ukapanda tena mwishoni, na fundi akaitambua sauti ya zamani ya binti yake.

"Unaisikia, mama?" akamwuliza mama yake, aliyekuwa akifumua gauni pembeni.

"Nimeisikia. Ndivyo Chiriku alivyokuwa akiomba kubebwa," bibi akasema. "Kumbe sauti yake ilihamia humo! Usiitie cherehani mafuta kwanza, sauti isije ikateleza."

Chiriku ni jina la utani, alilopewa binti huyo alipokuwa mdogo kwa kupiga soga kutwa nzima. Sasa alikuwa na miaka tisa. Masikio yake yalififia mwaka hadi mwaka, na sauti ikazidi kulala. Maneno aliyajua yote, ila yalitoka bapa, yamenyooka kama rula. Alipomwambia mwalimu, "Naomba kukaa mbele," ilisikika kama amri. Mwalimu akamwita jeuri, akamhamishia dawati la mwisho, asikoweza hata kuiona midomo ya anayefundisha. Jambo hilo lilimchoma mama yake, yule fundi, kuliko sindano.

Mtoto aliporudi, mama alimwekea kiganja juu ya cherehani, akazungusha mpini taratibu. Chiriku akafuata mtetemo kwa sauti yake. Neno la kwanza likapaa mno, la pili likaporomoka.

"Unamwomba mwalimu au unafukuza mbuzi?" bibi akacheka.

Wakaanza upya. Mwenye suruali alipokuja kuifuata aliambiwa asubiri, akavuta kigoda, naye akaanza kusahihisha.

Kesho yake mama alijitwika cherehani mpaka darasani. Mwalimu alisogeza chaki zake ili ipate nafasi mezani. Mama akazungusha, Chiriku akaweka kiganja.

"Mwalimu, sisikii vizuri kule nyuma. Naomba nikae mbele."

Sauti ilipanda, ikashuka, ikatua kwa upole.

Mwalimu alifurahi kweli. "Safi kabisa! Hivyo ndivyo anavyosema mtoto mwenye adabu. Haya, rudi kwenye dawati lako."

Kisha akawapa mgongo, akaanza kuandika ubaoni.

Chiriku hakuondoa kiganja. Mama yake alimtazama, akakaza mtandio kiunoni, akaushika mpini tena.

"Mwalimu," Chiriku akaanza upya, "sisikii vizuri kule nyuma."