Namba ya Evaristi, Jina la Rahel

Simu ilikuwa yetu. Mume wangu Evaristi aliinunua mwaka ule makampuni ya simu yalipoanza kugombania wateja Sumbawanga, na mimi ndiye niliyeitundika kwenye dirisha la jikoni hapa kijijini Pito, maana mtandao ulikamata hapo tu. Sasa niambie, namba yake imekuwaje ya binti Masanja?

Habari aliniletea Adolfu, dalali wa maharage. Siku hizo kulikuwa na ofisi Dar inayoandikisha namba za wafanyabiashara kwenye intaneti: mnunuzi akiandika namba, anaona jina la mwenyewe na sanduku la barua pepe la kumwandikia. Adolfu, akiwa Kasanga, aliandika ya Evaristi. Likatoka jina la Rahel Masanja.

Rahel ana duka la intaneti mjini. Mrefu, mcheshi, suruali kila siku. Niliwahi kumwona akicheka na Evaristi Jumamosi, siku yake ya kwenda mjini, nikanyamaza. Hili halikunyamazika. Kwa wivu niliunguza ugali.

"Namba ni ya kampuni ya simu, sisi tumeazimwa tu," Evaristi alisema. "Na Rahel ananitunzia barua za wateja."

"Akutunzie yeye, mimi niko wapi?"

Asubuhi nilichomoa simu dirishani, nikaifunga kwenye kanga, nikaenda mjini dukani kwa Rahel.

"Shikamoo, mama Flavian," Rahel alisema.

Marahaba ilitoka kwa shida. "Futa jina lako, uandike la mume wangu."

"La kwake ndilo nililoanza nalo, mama. Ila ofisi haimpi mtu namba mpaka ipige simu hiyohiyo na anayepokea akubali. Dada wa ofisini akapiga, akamuulizia Evaristi. Akaambiwa atafute wa kwake, simu ikakatwa. Akarudia, akatukanwa. Jina likikataliwa hivyo haliandikwi tena. Evaristi akaja na simu hapa, tukaweka langu."

Nilimkumbuka huyo dada. Sauti yake ilikuwa tamu mno kwa mtu wa ofisini.

"Basi andika Marsiana."

Akaandika. Baadaye kidogo simu ikaita kwenye kanga. Sauti ileile tamu iliuliza kama nakubali namba iwe chini ya Marsiana. Nilikubali kwa nguvu, duka zima lisikie.

Rahel akanifungulia sanduku. Nilisoma barua zote. Maharage, ulezi, maharage tena. Hakuna hata "mpenzi" moja, na nilitafuta.

Jioni nilimtangazia Evaristi kwamba namba sasa ni yangu, na barua zake nitazisoma mimi kwanza. Nilitegemea agombe. Alimega tonge, akashusha pumzi.

"Afadhali," alisema. "Nilishachoka kwenda kwa Rahel kila siku."

Kila siku. Mimi nilikuwa najua Jumamosi tu.