Kumchunguza Mkwe wa Magitaa

Kwetu binti hatolewi kabla shangazi hajazunguka. Baba anakaa sebuleni na heshima yake, mama anaanza kuchagua vitambaa kichwani, na shangazi anatumwa mitaani kuuliza: huyu kijana ni wa nani, anakunywa nini, ana mtoto amemficha wapi? Kazi hiyo ningeifanya hata bila kutumwa. Nasuka nywele nyumbani kwangu Cibitoke, na kwenye baraza yangu hakuna siku ambayo viti vinatosha. Mtu akitaka habari za mji anakuja kusukwa, hata kama nywele zake bado nzuri.

Kwa hiyo kaka yangu Népomuscène aliponipigia simu kutoka Gihosha kwamba Mawazo anamtaka binti yake Orlane, na kwamba familia ya kijana inaomba siku ya kuja kujitambulisha, nusu ya habari nilikuwa nayo tayari. Mawazo ni Mkongomani wa Uvira. Anatengeneza spika na amplifaya katika kibanda mtaa wa Asiatique, na Jumapili anaipigia kwaya yetu gitaa. Mama yake anauza mawese. Mtoto wa kufichwa hayupo, nimeuliza mpaka Kinama.

"Tatizo ni ile miziki," akasema kaka.

"Miziki gani?"

"Pascaline, usijifanye. Mutu akipita pale kwenye kibanda anasikia kama mbuzi wanachinjwa. Mi ni mzee wa kanisa, siwezi kuleta kitu kama hiyo mu nyumba. Nenda uangalie. Ukiniambia ni ya shetani, nawajibu apana. Orlane atalia, kisha atanyamaza."

Orlane hakungoja nianze safari. Alasiri hiyohiyo alikuja barazani, akaketi katikati ya wateja wangu kama amekuja kusukwa, akaniinamia sikioni. "Tantine, watu usiwasikilize. Sikiliza muziki. Papa atasema kile utasema we." Halafu akaondoka na macho yake mekundu, na wateja wote wakaniangalia wakitaka kujua.

Sikwenda peke yangu. Mimi peke yangu siendi hata kununua chumvi. Nilimchukua Médiatrice, anayeongoza chambre yetu, kile kikundi cha maombi kinachokutana kwangu kila Jumatano. Médiatrice akiombea mtu, majirani wanafunga redio zao. Anaunguruma, anakemea, sauti inashuka mpaka unajiuliza inatoka kwa nani, maana mwenyewe ni mwembamba kama ufagio. Halafu siku zinazofuata hana sauti kabisa. Anatembea na chupa ya tangawizi na kuongea kwa mikono. Siku hiyo ilikuwa hivyo, alinong'ona tu njia nzima, na mkobani alikuwa na Biblia na kichupa cha mafuta ya upako, kwa usalama.

Kibandani Mawazo alitupangusia spika mbili zilizokufa ili tukae. Alikuwa amevaa tisheti nyeusi yenye fuvu la kichwa, na fuvu lenyewe limevaa taji la miiba. Médiatrice aliliangalia bila kupepesa.

"Hilo fuvu ni la nani?" akanong'ona.

"Ni Golgota, Mama. Maana yake si ni pahali pa fuvu?"

Andiko hilo Médiatrice analijua kuliko namba yake ya simu. Lakini kichupa alichokuwa amekitoa mkobani hakukirudisha ndani.

"Mutoto wangu," nikamwambia, "najua unajua kwa nini tumekuja. Hii miziki uliitoa wapi?"

Akacheka kidogo, akaonyesha duka la jirani. "Kwa Khaled. Aliniletea radio-kaseti ya zamani, ndani kaseti imekwama. Nikaipiga kwa kujaribu spika. Nikasema, radio imekufa, hii si sauti. Nikafungua, nikasafisha, nikabadilisha waya, nikafunga. Bado inapiga vilevile. Ndiyo nikajua si radio, ni watu."

"Watu wa dini gani?"

"Hapo sasa ndiyo na mimi nilianza kutafuta."

Akatuonyesha kwanza wale wa zamani, kwenye simu. Wanaume wazima, suruali zimewabana, milia ya njano na nyeusi kama nyigu, na nywele nimeona kwa maharusi tu.

"Nani aliwasuka?" nikauliza. Lilikuwa swali la kikazi.

"Zao wenyewe, Tantine. Ni miaka ya themanini. Angalia, hapo wanawarushia watu Biblia ndogondogo. Wachungaji wengine walisema hao ni wa shetani. Na wale wa rock nao wakasema, apana, hawa ni walokole, watupishe."

"Kwa hiyo kote walifukuzwa."

"Kote. Na waliendelea tu kupiga."

Hadithi yenye maadui pande mbili mimi siwezi kuiacha njiani. Nikasogeza spika yangu karibu. Akatuletea Wanorwe wanaoimba kama wamefungiwa nje kwenye baridi, akaleta vijana wa Brazili, wapya kabisa, ngoma zao zinakimbia mpaka nikahisi mimi ndiye nimechoka. Nikauliza nani ameoa, nani amegombana na nani, nani aliacha bendi akawa mchungaji. Mawazo, ambaye kanisani humtoi neno, alikuwa na jibu la kila kitu. Nikaelewa Orlane alichokiona.

Kisha akasita. "Kuna mumoja tena. Huyu ndiye watu wanasema ni mbuzi."

Ukatoka mngurumo kutoka chini kabisa, kama mtu anasukuma gari kwa koo. Nywele za mikono zilinisimama. Médiatrice alishika kichupa. Mawazo akawa anasimamisha wimbo kila mstari na kututafsiria: mtu yuko shimoni, rafiki zake wamemkimbia, anamuuliza Mungu kwa nini amemficha uso.

"Hiyo ni Zaburi," akanong'ona Médiatrice.

"Ya themanini na nane, Mama."

Akatoa Biblia, akaiweka magotini. "Anzisha tena." Na yule mtu akanguruma mwanzo mpaka mwisho, na kidole cha Médiatrice kikamfuata aya kwa aya, kikimngoja pale alipovuta pumzi. Mwishoni akafunga kitabu.

"Maneno ni yetu," akasema. "Sauti, sijui."

Ndicho nilichobeba kwenda Gihosha Jumapili baada ya ibada, hicho na wimbo ambao Mawazo alinitumia kwa WhatsApp. Kaka alikuwa mezani na samaki wake wa mukeke. Mkewe alikuwa pembeni yake, Orlane amesimama kwenye mlango wa jikoni akifuta sahani ambayo ilishakauka, na Médiatrice, ambaye haketi kwenye nyumba za watu, alikuwa ndani akisaidia kupakua. Nikaanza na nyigu wa miaka ya themanini. Kaka akaninyamazisha kwa mkono.

"Sikukutuma hadithi. Ni ya shetani ao si ya shetani?"

Sasa hapo mimi, mwenye jibu la kila kitu, nilikwama. Nikisema si ya shetani, ataniuliza ile sauti ni ya nani, na Médiatrice mwenyewe alishindwa. Nikisema sijui, kwa kaka yangu sijui ni hapana. Sahani ya Orlane ilikuwa imeacha kuzunguka.

"Sikiliza mwenyewe," nikasema.

Nikafungua simu. Miwani niliiacha kwenye mkoba wa kanisani. Nikabonyeza.

Ukatoka mngurumo. Sauti ikapanda, ikakwaruza, ikashuka chini tena, ikapiga kelele bila maneno. Kaka alisikiliza huku ameshika kipande cha samaki hewani. Kisha akakirudisha kwenye sahani, polepole.

"Zima. Hiyo ni pepo kabisa. Mutu wa Mungu hawezi kutoa sauti ya namna hiyo."

Médiatrice alikuwa ametokea na bakuli la mboga za lengalenga. Akasimama katikati ya sebule.

"Mzee," akasema, kwa kile kidogo cha sauti alichokuwa nacho, "hiyo ni mimi."

Akanionyesha kwa kidevu.

"Ni Jumatano ile tulikuombea mgongo. Pascaline alirekodi."

Nikaisogeza simu mbali na macho mpaka nikaona. Kweli. Kidole kilikuwa kimeangukia rekodi iliyo juu ya wimbo wa Mawazo. Na mgongo wenyewe, kanisa zima linaujua. Kaka alisimama mbele akashuhudia jinsi sauti ya mama huyu ilivyomwingia na joto likashuka mpaka kiunoni, akainama mbele ya waumini akagusa viatu vyake.

Mkewe alivuta kitenge akafunika mdomo, lakini mabega yalimsaliti. Kaka alimwangalia mukeke kana kwamba ndiye amesema.

"Mgongo unaendelea namna gani?" akauliza Médiatrice, kwa upole kabisa, akiweka bakuli mezani.

"Unaendelea vizuri."

"Tumshukuru Mungu."

Kaka akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu wake. "Weka ile ingine," akaniambia.

Nikampa Orlane simu abonyeze yeye. Wimbo ukapiga wote, kaka ameinamisha kichwa. Ulipoisha akauliza yule mtu analia nini. Médiatrice akamweleza, akamwambia na Zaburi yenyewe.

"Hiyo hatuisomaga kanisani," akasema kaka.

"Hatuisomaga kwa sababu haina mwisho muzuri. Ukiisoma, watu wanaenda nyumbani na giza lao."

Kaka alifikiri. Namjua tangu utotoni, anapofikiri hivyo anatafuta mlango wa kutokea akiwa na heshima yake. Akaupata.

"Waambie waje kujitambulisha," akasema. "Lakini ile tisheti ya fuvu watu wananiambia, aiache Asiatique. Na siku ya harusi kwaya inaimba za kawaida."

Orlane alirudi jikoni haraka, na tukasikia sahani ikiwekwa chini kama yai.

Unadhani yameishia hapo. Tulipokuwa tunashuka kuelekea mjini, Médiatrice alinivuta mkono. "Muulize mkwe wako. Yule mutu anaimba vile kila siku. Koo lake analitunza na nini?"

Mawazo alikuja mwenyewe barazani kumjibu, mbele ya wateja wangu, wengine wamesukwa upande mmoja tu. Akasema wale watu wanajifunza, kuna mpaka walimu wake. Nguvu haitoki kooni, inatoka tumboni, koo linaachwa wazi kama mlango. Akamwambia Médiatrice aweke mkono juu ya kitovu na kusukuma. Médiatrice akasukuma. Kuku wa jirani walikimbia. Wateja wakataka kujaribu na wao, na mchana huo sikusuka kitu.

Jumatano iliyofuata chambre ilimwombea mtoto wa Astère, jirani yangu, na Médiatrice alinguruma kuliko siku zote. Alhamisi asubuhi alifika kwangu bila chupa ya tangawizi, akavuta kiti, na sauti ilikuwepo, nzima. Akaongea mpaka jua la utosi, habari za miaka yote alizokuwa amezimeza Alhamisi kwa Alhamisi. Mimi nilisuka tu. Nafasi ya kusema neno sikuipata.