Nyota ya Kulinganishia

Nikwambie ukweli, nina aibu mpaka shingo inawaka. Mimi Prudencia, mwalimu wa fizikia hapa Buswelu, mwenye digrii yangu na mdomo usio na breki, nilimwita mtu mzima mwongo mbele ya walimu wote. Kumbe wa kuchekwa nilikuwa mimi.

Mtu huyo ni Mzee Nkwabi, mtunza maabara wetu. Aliishia kidato cha nne, na umebaki mwaka mmoja astaafu. Tulikuwa na mradi wa kupiga picha nyota moja ambayo mwanga wake hupanda na kushuka kila wiki, kisha kuupima kwa kompyuta. Programu haipimi nyota hivi hivi. Lazima uichagulie nyota nyingine jirani, isiyobadilika, iwe ya kulinganishia. Mimi nikachagua ile inayong'aa kuliko zote kwenye picha. Na nilivyo na maringo, ningechagua kadogo kwa nini? Mzee Nkwabi akachagua kanyota kafifu pembeni.

Agosti wakachoma mashamba ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, moshi ukatanda mpaka kwetu. Grafu yangu ikaonyesha nyota yetu imefifia kupita kawaida. Nikaruka ruka kama mtoto, nimegundua jambo! Grafu ya Mzee, kwa picha zile zile, haikuonyesha kitu cha ajabu.

"Huyu amepika namba," nikasema kwenye kikao cha walimu. Jina lake nikalifuta kwenye ripoti ya mradi. Mkuu wa shule, Mwalimu Machibya, akamnyang'anya ufunguo wa maabara aliokaa nao miaka ishirini na sita. Mzee aliuweka mezani, akatoka. Tangu siku ile hata shikamoo nikawa simpi.

Ripoti nikaituma kwa mtandao wa watazamaji wa nyota. Wakanijibu kwa sentensi moja: fungua picha zako, usome namba iliyo katikati ya nyota yako ya kulinganishia.

Nikafungua. 65,535. Picha ya pili, 65,535. Zote! Hapo ndipo kamera yetu inapoishia kuhesabu. Nyota yangu ilikuwa imejaa pomoni, kama ndoo inayofurika bombani, huwezi kujua maji yamepungua au yameongezeka. Moshi ulizififisha nyota zote, ila yangu ikabaki na namba ile ile, kwa hiyo ile tunayoipima ikaonekana imefifia peke yake. Kanyota ka Mzee kalififia pamoja nayo, hesabu yake ikanyooka.

Na linaloniua zaidi ni kwamba aliniambia. Mwanzoni kabisa alisema, "Mwalimu, hiyo imejaa, haitatupa hesabu." Nikamjibu, "Mzee, wewe futa vumbi, fizikia niachie mimi." Mungu wangu, nilisema vile kweli!

Kikao kilichofuata Mzee aliitwa aje kukabidhi stoo. Nilipoeleza kuwa ripoti ina kosa, Mwalimu Machibya akanionea huruma. "Basi tuseme programu ilikosea, yaishe," akasema. Nilitamani sana kuitikia. Mzee Nkwabi alikuwa anatazama mikono yake.

"Programu haikukosea," nikasema. "Nimekosea mimi. Mzee hakupika kitu. Tena aliniambia mapema, nikamtukana. Shikamoo, Mzee Nkwabi. Naomba unisamehe."

Mwalimu Machibya akafungua droo, akausukuma ufunguo mezani. Mzee akauchukua, akaurudisha taratibu kwenye mnyororo wake uliokuwa mtupu.

"Una la kuongeza, Mzee?" mkuu akauliza.

"Marahaba," akanijibu kwanza. Kisha akamgeukia mkuu. "Ila sikumwambia mara moja tu. Nilimwambia mara tatu."

Nikiwa bado nimesimama pale mbele ya watu, nikazikumbuka zote tatu.