Mkono wa Bi Mistari

"Kunja vidole, mama," alisema dada wa mazoezi ya viungo.

Bi Mistari akakunja. Yaani, yeye aliona amekunja. Vidole vyenyewe vilibaki vimenyooka, vimevimba kama si vyake. Na huyu ndiye msusi aliyegawa nywele kwa mistari iliyonyooka mpaka wenzake saluni wakambandika jina hilo! Wiki sita kabla ya hapo aliteleza bafuni, akaangukia kiganja, kifundo cha mkono kikavunjika. Plasta ilikuwa imetolewa asubuhi hiyo ya mazoezi.

"Ulikuwa unavichezesha vidole ukiwa na plasta?"

"Nivichezeshe? Thubutu! Daktari alisema nisitumie mkono. Hata kijiko sikugusa. Binti yangu ndiye aliyekuwa akinilisha."

"Lo! Alimaanisha kifundo, mama. Vidole vilitakiwa vifanye kazi tangu mwanzo."

"Sasa mkono si kuanzia huku," akagusa bega, "mpaka huku kwenye kucha? Angesema kifundo, ningekosa kuelewa?"

Dada akaangua kicheko, kisha akaona machozi, akavuta kiti karibu.

"Nitasuka tena, mwanangu?"

"Utasuka. Ila itauma, na utanichukia."

Na kweli alimchukia. Akachukia beseni la maji ya vuguvugu, akachukia taulo la kukamua. Nyumbani binti yake alimsimamia kama askari.

"Kunja, mama."

"Nimekunja."

"Umekunja uso tu!"

Wakacheka mpaka taulo likaanguka, wakaanza upya. Polepole kidole gumba kikakutana na wenzake. Akafunga kifungo cha blauzi, akashika kichana. Lakini nywele alizomsuka binti zilifumuka kabla ya jioni, maana mkono haukuwa na nguvu ya kukaza. Bi Mistari alijifungia chumbani, akalia. Kesho yake akachukua taulo tena.

Siku aliyorudi saluni, wenzake walimwachia mteja mmoja, kisha wote wakajifanya wana shughuli zao. Akachora mstari, akagawa nywele mafungu matatu. Akashika karibu na ngozi ya kichwa, akavuta.

"Aii! Shangazi, taratibu! Unanivuta!"

Saluni nzima ikageuka.

"Umesemaje?" akauliza Bi Mistari.

"Umekaza mno. Inauma!"

"Pole, mwanangu," alisema Bi Mistari. "Hebu sema tena, wasikie na wale wa kule nyuma."

Mteja akamtazama kwenye kioo, asielewe kitu, na mkono ukaendelea kusuka.