Dawa Inayoulizwa Mara Moja

Nesi Rotua alikuwa amechoka kuwa mwema. Hospitali yao pale Klaten, kisiwani Java, ilitoa agizo jipya: muulize mgonjwa anataka nini, kisha fuata jibu lake. Rotua, mgeni pale, wa kabila la Wabatak wa Ziwa Toba, kisiwa kingine, alilipenda. Kwao hapana ni hapana, yamekwisha.

"Bibi Ngatinah, nyonga iliyopasuliwa inauma? Nikupe dawa?"

"La, mwanangu, usijisumbue." Bibi akatabasamu, jasho likimtiririka kama mbeba magunia.

Mgonjwa kasema, nani ampinge? Rotua akaenda zake. Ulipofika wakati wa zoezi la kusimama, bibi akalia kwa maumivu, akarudishwa kitandani. Jana yake ilikuwa vivyo hivyo. Safari hii daktari hakuficha: asiposimama leo, mgongo utaota vidonda na mapafu yatajaa maji.

"Jamani bibi! Si nakuuliza kila siku?"

"Unauliza, au unapita?" akadakia Mama Lasmi, kitanda cha pili. "Huku Java hata chai tunaikataa kwanza. Ukiondoa birika papo hapo, tunajua hukutaka kutoa."

Rotua akamgeukia bibi. "Ni kweli?"

Bibi akavuta shuka hadi kidevuni. "Nilidhani dawa ni chache. Unauliza mguu mmoja uko mlangoni."

Rotua akahesabu vigae vya dari mpaka hasira ikashuka.

"Haya. Bibi, nikupe dawa?"

"La, usijisumbue."

"Hunisumbui. Nikupe?"

"Wape wanaoumwa zaidi."

"Bibi Ngatinah! Nakuomba, nakusihi, meza!"

"Basi, ukisihi hivyo, nisije nikakuudhi." Vidonge vikapita kooni kabla Rotua hajamimina maji.

Dawa ilipokolea, bibi akashika mkono wa Rotua, akasimama. Hatua kwa hatua akafika kitini. Wodi nzima ikapiga makofi.

Bibi, uso umemchanua, akatoa kabatini kipande cha wali wa kunata kilichofungwa kwa jani la mgomba. "Karibu, mwanangu."

Rotua hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri. "Asante, bibi!" Akakipokea, akang'ata nusu.

Mkono wa bibi ulibaki hewani. Kabatini hamkuwa na kingine.

"Kwani hukutaka kunipa?" Rotua akauliza, mdomo umejaa.

"Nilitaka sana," bibi akasema kwa upole. "Ila baada ya wewe kukataa."